Ugomvi wa mama na mwana: kamera isikae mlangoni tu

Mdogo wangu, umesema tukio la kuigiza la mama kugombana na mwanawe ulilirekodi kwa simu, kamera imesimama mlangoni mwanzo hadi mwisho, na watazamaji wanasema haliwagusi. Tatizo ni umbali. Anza na shoti pana tujue nani yuko wapi, kisha waigizaji warudie mazungumzo yote ukiwa nyuma ya bega la mama, halafu nyuma ya bega la mwana. Weka mstari wa kufikirika unaotoka kwa mama hadi kwa mwana, kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo, usiuvuke. Ukivuka, kwenye uhariri wataonekana wote wawili wanatazama upande mmoja, kana kwamba hawaongei wao kwa wao.

Picha ya karibu ya uso iwekee akiba. Ukiitumia tangu sentensi ya kwanza, mama atakapotamka "toka nyumbani kwangu" hutakuwa na pa kusogea. Hapo ndipo usogee, polepole, kwa miguu, magoti yamelegea na viwiko vimebana mbavu. Zumu ya simu iache, mara nyingi inaharibu ubora wa picha.

Ukishusha kamera usawa wa kiuno cha mama, atatawala chumba. Mwana mchukue kutoka juu kidogo. Kidogo tu, ukizidisha watu watacheka.