Exchange ya zamani: izime, usiiondoe

Mkuu wa Chake Chake, nimekusoma. Umehamisha masanduku yote ya barua pepe kwenda Microsoft 365, ukaizima Exchange 2016, ile seva ya barua ya ofisini, na kulipokucha skana ikagoma kutuma. Outlook za ofisini nazo zinadai nywila kila dakika, ilhali simu za watu hao hao zinapokea barua kama kawaida. Ukajaribu kuiondoa programu yenyewe, ikakukatalia. Shukuru ilivyokataa, nitakwambia kwa nini.

Mimi kazi hizi nimezifanya zaidi kwenye mahoteli huku Unguja. Masanduku huhama bila taabu, lakini seva inabaki na kazi nyingine ambazo hazikuandikwa popote. Iwashe tena leo, kisha tuzitoe moja moja.

Tuanze na Outlook. Simu zinauliza DNS ya nje, ile daftari ya majina ya intaneti, ndiyo maana hazina tabu. Kompyuta zilizoungwa kwenye domeini ya ofisi zinauliza kwanza Active Directory, yaani daftari la akaunti za ofisi, na humo bado imo anwani ya Autodiscover (inayoiambia Outlook sanduku liko wapi) iliyoandikwa na seva ya zamani. Ifute kwa amri hii, ukiweka jina la seva yako:

Set-ClientAccessService -Identity SEVA -AutoDiscoverServiceInternalUri $null

Halafu kagua DNS ya ndani ya ofisi. Wengi wana rekodi ya autodiscover inayoelekea 192.168 fulani, na kwa kuwa DNS ya nje imeshabadilishwa hakuna anayeikumbuka hii. Ielekeze autodiscover.outlook.com. Kompyuta itakayoendelea kusumbua itengenezee profaili mpya ya Outlook, usipoteze mchana kufuta nywila zilizohifadhiwa.

Skana ndiyo yenye mambo. Inatuma kwa IP ya seva ya zamani kupitia poti 25, bila nywila, na hakika haiko peke yake. Usikisie ni nani wengine. Kwenye kila konekta ya kupokea, yaani mlango wa seva wa kupokelea barua, weka ProtocolLoggingLevel iwe Verbose ili iandike kila kitu, kisha acha seva ikae. Logi itakuonyesha IP ya kila anayebisha hodi. Kawaida logi hizo hutunzwa siku 30 kisha zinajifuta, kwa hiyo zinakili pembeni. Na usifunge hesabu kabla mwisho wa mwezi haujapita, maana kuna mifumo ya mishahara inayotuma barua siku hiyo tu.

Hoteli moja ya pwani ya mashariki, logi ilitoa ripoti ya usiku ya mapokezi, mashine ya kutoa nakala, na IP moja iliyokuwa inatuma alfajiri ambayo hakuna aliyeijua. Tukafuata waya kutoka kwenye swichi, ukapita juu ya dari ya jiko, ukatufikisha stoo ya unga. Nyuma ya magunia kulikuwa na kinasa cha kamera, kinatuma taarifa kwa meneja aliyekwisha kuacha kazi zamani. Kila mwenye jukumu la ulinzi pale aliamini taarifa zinamfikia mwenzake.

Ukishapata orodha, vifaa vipya vipeleke smtp.office365.com poti 587, kwa akaunti yake maalumu. Skana kuukuu zisizojua TLS 1.2, usimbaji wa mawasiliano unaodaiwa huko, zitakataliwa, hizo ziwekee Postfix, programu ya kupitisha barua, kwenye kompyuta ndogo ndani ya ofisi, ipokee na kupeleka mbele. Iwe na UPS, umeme wetu unaujua.

Sasa hilo la kuondoa. Kama akaunti zenu bado zinasawazishwa kutoka Active Directory kwenda Microsoft 365, seva ya mwisho haiondolewi kwa uninstall. Ukifanya hivyo unafuta Active Directory taarifa ambazo masanduku yaliyoko huko juu bado yanazitegemea. Kuanzia Exchange 2019 CU12, sasisho lililotoka Aprili 2022, unaweza kusakinisha zana za usimamizi peke yake kwenye mashine nyingine, ukasimamia anwani kutoka hapo, na seva ukaizima moja kwa moja. Ila usiiache inaunguruma kwa uvivu: msaada wa kawaida wa 2016 na 2019 ulikwisha 14 Oktoba 2025, na Exchange isiyotiwa viraka iliyo wazi kwa intaneti ni balaa. Hata kabla ya kuizima, funga kwenye fayawoli poti zake zilizo wazi kwa intaneti.

Kama hakuna usawazishaji, hapo unaweza kuiondoa kabisa. Kinachokuzuia huenda ni masanduku ya mfumo, yale ya arbitration, ambayo hayaonekani kwenye orodha ya kawaida mpaka uyaulize kwa jina hilo.

Jambo dogo: mtu akijibu barua ya zamani ikarudi na anwani inayoanza na IMCEAEX, chukua legacyExchangeDN ya awali ya anayeandikiwa, yaani anwani yake ya ndani ya Exchange, iongeze kwenye sanduku lake jipya kama anwani ya X500.

Tuambie basi kama mnasawazisha au la, na skana ni ya muundo gani. Na kama bosi anakuharakisha, mwambie asubiri mishahara itoke.