Ridhaa yenu inaulizwa mara moja

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unauliza: "Mama, mimi Mkatoliki, mwenzangu Myahudi. Tunaweza kufunga ndoa moja nzuri, padri na rabi wote wakiwepo, bila upande wowote kujiona umedharauliwa?" Mnaweza. Ila msitie kila kitu chungu kimoja mkakoroga. Jambo la kwao libaki la kwao, la kwetu libaki la kwetu, na kila moja lipewe nafasi yake.

Nenda kwa Paroko kabla hujachagua hata ua moja. Kwa kuwa mwenzio hakubatizwa, bila ruhusa ya Askofu ndoa yenu ni batili mbele ya Kanisa. Ndivyo isemavyo Kanuni ya 1086 ya Sheria ya Kanisa. Mkitaka rabi ndiye awafungishe, hiyo ni ruhusa nyingine, nayo iombwe mapema. Na si kila rabi atakubali. Wa Kiorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sana sheria ya jadi, hawafungishi ndoa ya namna hii. Wa madhehebu ya Mageuzi, kila mmoja huamua mwenyewe.

Wengi hukwama hapa: wanataka viongozi wote wawili wawaulize ridhaa, kila mmoja kwa ibada yake. Kanuni ya 1127 inakataza hilo, na inakataza pia kuirudia ridhaa katika ibada nyingine kabla au baadaye. Kwa hiyo mmoja aongoze, mwenzake asome au aombe baraka.

Sasa watoto. Utaahidi kufanya yote uwezayo wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzio lazima aarifiwe. Kwa sheria ya jadi ya Kiyahudi, mtoto ni Myahudi kwa mama yake, na mama ni wewe. Wakwe zako wanalijua hilo, na linawauma hata wakinyamaza. Usimwache mwenzio aisikie ahadi hiyo kwa mara ya kwanza ofisini kwa Paroko. Mwambie wewe, mkiwa wawili tu. Lisipokaa sawa, habari za ukumbi ziwekeni kando kwanza.

Nilitamani sana Misa, sikufichi. Lakini nikawaza wakwe zangu wamebaki vitini huku sisi tumepanga mstari wa Komunyo, nikaona ibada ya Neno bila Misa, ambayo ndiyo Kanisa limeipanga kwa ndoa kama yenu, ina upole zaidi. Nayo yaweza kufanyika mahali pengine panapofaa, nje ya kanisa.

Masomo chagueni yale tunayosoma sote: Mwanzo, Wimbo Ulio Bora. Tobiti, unayempenda, hayumo katika Maandiko yao. Na zile baraka saba za Kiyahudi, rabi aziimbe zote. Ya mwisho ina maneno haya: "sauti ya furaha na sauti ya shangwe, sauti ya bwana arusi na sauti ya bibi arusi." Ni Yeremia 33, mwanangu! Hata huku kwetu tumekuwa tukiyasoma.

Pete kwao ni ya madini matupu, haina jiwe. Vaeni hizo nyote wawili. Sioni kitu kizuri kuliko hicho. Glasi ifungwe vizuri kwa kitambaa kabla bwana arusi hajaikanyaga, na padri awaeleze ndugu zetu kwamba wengi huivunja kwa kukumbuka Hekalu la Yerusalemu lililobomolewa mwaka 70, wasidhani ni mchezo wa shangwe tu.

Tarehe: Jumapili. Sabato huanza Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi usiku, na kati ya Pasaka yao na Pentekoste yao zipo wiki ambazo wengi hawaozi. Chakula waulize wao wanashika sheria kwa kiasi gani.

Nimekuja kwenye hupa, kile kitambaa juu ya nguzo nne. Umesema mtatumia shali ya sala ya babu yake. Basi msichimbie nguzo chini, zishikwe kwa mikono ya watu wenu, wawili wa kwao na wawili wa kwetu. Mikono itachoka, kitambaa kitayumba kidogo juu yenu, na iwe hivyo. Muulize mama mkwe wako kama atakubali kushika moja ya mbele. Ya pili nitashika mimi.

Mama yako