Sensa ya tenki kudanganya alfajiri: anza na umande

Ndugu yangu wa Uyole, umesema sensa uliyobandika ubavuni mwa tenki la plastiki inaonyesha limejaa kila alfajiri, pampu haiwaki, halafu kwenye saa nne asubuhi inapona yenyewe. Huko kupona ndiko kunakonifanya nisiilaumu sensa. Mimi nilibadilisha mbili kabla ya kushtuka, na hela ikaenda.

Sensa hizi hupima jinsi kilicho mbele yake kinavyoshika chaji. Kwa kipimo hicho hewa ni 1, plastiki 2 hadi 3, maji karibu 80. Kwa tofauti hiyo, utando wa umande uliojipenyeza kati ya sensa na tenki unatosha kuipumbaza, na baridi ya Mbeya ya Juni na Julai unaijua mwenyewe.

Kesho kabla jua halijapiga, pitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa sensa. Kikitoka kimelowa, ibandue, kausha pande zote mbili, irudishe kwa silikoni nyembamba isiyoacha mapovu, kisha ziba kingo. Ule mkanda wa gundi unaokuja nayo usiuamini.

Kaskrubu ka kurekebisha ukali, kaguse alfajiri tenki likiwa tupu. Ukirekebisha mchana kila kitu kikiwa kikavu, kesho utarudi palepale. Halafu lijaze uone kama sensa bado inaonyesha limejaa.

Ikiwa sensa inayumba pale tu pampu inapowaka, hilo ni la umeme: tenga waya wake na waya wa pampu.