Jibu: Fremu ya jiko la nyama iliyopauka

Mkuu, umeuliza kama unaweza kupulizia rangi mpya juu ya ile iliyopauka kwenye fremu ya jiko lako la nje. Unaweza, ila osha kwanza kwa maji moto na sabuni ya vyombo. Ukianza na msasa kabla mafuta hayajatoka, unayasambaza tu, na rangi itabanduka. Penye kutu tumia brashi ya waya na msasa namba 80. Kwingine namba 180 inatosha kuua mng'ao. Futa vumbi kwa kitambaa chenye thina.

Miguu iliyo mbali na moto haihitaji gharama: redi oksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), kisha rangi ya mafuta ya kawaida. Panaposhika moto nunua kopo la rangi ya joto kali, lililoandikwa nyuzi 600 hivi, wala usitangulize praima (rangi ya msingi) ya kawaida. Huungua na kuvimba chini kwa chini. Pulizia kwa umbali wa sentimita 25 hadi 30, mikono (tabaka) mitatu myepesi, ukipisha dakika 15 kati ya mmoja na mwingine. Ukipiga mkono mzito, rangi itachuruzika.

Kesho yake washa moto mdogo nusu saa, acha lipoe, kisha ongeza moto, maana rangi hizi hukomaa kwa joto. Litatoa moshi na harufu, kwa hiyo nyama isubiri. Wavu usiupake kabisa.