Albamu ya Mama Imegandana: Picha za Familia, Gundi na Unyevu wa Dar

Dada mmoja wa Tabata ametuandikia. Albamu ya mama yake imegandana tangu masika. Kurasa mbili alizozilazimisha zimefunguka, lakini sura ya babu imebaki kwenye nailoni. Mama anatimiza miaka 70 baada ya wiki tatu, na dada anataka kumtengenezea kitabu cha picha kwa mkono wake, pamoja na picha moja ya ukutani iliyohamishiwa kwenye mbao. Anauliza aanzie wapi.

Aanze kwa kuacha kuvuta.

Picha ya studio, iwe ya rangi au nyeusi na nyeupe, ina tabaka la gelatini juu yake, jamii moja na ile ya kutengenezea jeli. Gelatini hunyonya unyevu wa hewani, na kuanzia Machi hadi Mei hewa ya Dar ina unyevu wa kutosha kuilainisha. Ikilainika inanata kwa chochote kinachoigusa: nailoni, kioo cha fremu, picha ya jirani. Jua likirudi inakauka palepale iliponata. Albamu zile za kurasa zenye mistari ya gundi na nailoni ya kufunika juu zinaongeza matatizo mawili: gundi yake hugeuka njano na kuwa ngumu kama kaukau, na nailoni ya bei rahisi nayo hulainika kwa joto. Kwa kumbukumbu za familia, albamu hizo hazifai. Huo ndio ukweli, hata kama zimejaa madukani.

Kabla ya kugusa kitu, piga picha kila ukurasa kama ulivyo, na nailoni yake juu. Ukiharibu baadaye, angalau una nakala. Kisha chukua uzi wa kusafishia meno, ule usio na nta, upitishe nyuma ya picha kuanzia kona moja na uusogeze taratibu kushoto na kulia kama msumeno. Uzi ukae sambamba na ukurasa. Kinachoharibu picha hapa ni kuikunja kuelekea juu ili kuona kama imeachia: gelatini hupasuka, na mstari ule mweupe haufutiki. Picha ikikataa kabisa, kata ukurasa kuizunguka na uiache na mgongo wake wa karatasi. Haidhuru mtu.

Zilizogandana sura kwa sura ni habari nyingine. Picha zilizosafishwa studio kwa dawa mara nyingi huachana zikilowekwa kwenye maji safi ya baridi kwa dakika 15 hadi 30, halafu zikalazwa juu ya kitambaa cha pamba, sura juu, kivulini. Tumia maji ya chupa, kwa sababu visima vingi vya mjini vina chumvi na chumvi huacha madoa. Ila usiloweke kamwe picha iliyotoka kwenye printa ya wino, maana wino utaondoka na maji. Wala usiloweke yenye ukungu: ukungu hula gelatini na kuifanya iyeyuke, kwa hiyo utainua karatasi tupu. Yenye ukungu ikaushe kwanza mahali penye hewa, kisha uifute nje ya nyumba kwa brashi laini kavu, umevaa barakoa. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu iache ilivyo, uinakili kupitia kioo hichohicho.

Sasa kanuni ambayo watu hawapendi kuisikia: picha ya asili haiingii kwenye kitabu cha zawadi. Inanakiliwa, inapumzishwa, na kazi yote ya mkasi na gundi inafanyika kwenye nakala. Picha ya harusi ya mwaka 1974 iliyokatwa umbo la moyo ili ipendeze kwenye ukurasa imepoteza gari lililokuwa pembeni, kibao cha duka kilichokuwa nyuma, na shangazi aliyekuwa amesimama ukingoni.

Na tuache kulamineti. Steshenari zote zinafanya kazi hiyo kwa bei ya soda, na kila familia ina mjomba aliyelamineti picha za ukoo mzima akidhani anaziokoa. Mashine inabana kwa joto, plastiki inayeyukia kwenye gelatini, na hakuna fundi wa kuirudisha. Kingo zikianza kuachia, unyevu unaingia na hauna pa kutokea. Cheti utaomba kingine. Sura ya marehemu utaiomba wapi?

Kunakili: ukipata skana, weka nukta 600 kwa inchi kwa picha ya inchi 4 kwa 6, na 1200 kwa zile ndogo za paspoti. Kwa simu, fanya kazi karibu na dirisha lisilopigwa jua moja kwa moja, flashi imezimwa, simu ikiwa sambamba kabisa na picha. Mng'ao ukisumbua, vaa nguo nyeusi au tundika kitambaa cheusi nyuma yako, kwa sababu unachokiona kikiwaka kwenye picha ni shati lako. Programu ya PhotoScan ya Google ni ya bure na huondoa mng'ao kwa kuunganisha picha kadhaa. Nakili na mgongo pia. Muhuri wa studio na mwandiko wa bibi viko huko. Ukimtumia ndugu kwa WhatsApp, tuma kama faili, la sivyo itabanwa na ikichapishwa haitaonekana vizuri. Kuchapisha nakala ya 4 kwa 6 kunahitaji angalau pikseli 1200 kwa 1800.

Usishangae picha nyeusi na nyeupe za babu zikiwa nzima kuliko za rangi za miaka ya 1980. Za rangi zina rangi tatu, na ile ya samawati katika karatasi nyingi za zamani hufa kwanza, hata gizani. Ndiyo maana ubatizo wako wote umegeuka mwekundu. Kwenye nakala hilo linarekebishika, lakini rekebisha kidogo tu: mama anajua rangi ya gauni lake.

Kitabu chenyewe. Nunua karatasi nyeupe au za maziwa za A4, gramu 200, karatasi 30. Manila za rangi kali ziache. Rangi yake hutoka kwa unyevu na kuhamia kwenye picha. Karatasi 20 zitakuwa kurasa, yaani pande 40. Tano zikate vipande vya sentimita 3 kwa 21. Kila karatasi inatoa tisa, nawe unahitaji 40. Vipande hivi ndivyo vinavyosahaulika. Gundisha viwili, kimoja juu ya kingine, kwenye ukingo wa kushoto wa kila ukurasa uliolazwa. Bila hivyo, picha zinanenepesha kitabu katikati huku mgongo ukibaki mwembamba, na kitabu kinaachama kama mdomo wa mamba. Picha mbili zinazotazamana zina unene wa karibu nusu milimita, na vipande viwili vya gramu 200 ni unene huohuo.

Upande uliobaki unatosha picha mbili za 4 kwa 6 zilizosimama, na chini yake pana sentimita kama tano za kuandika. Usijaze. Picha 40 hadi 50 zinatosha kabisa. Kitabu cha picha 200 hakuna anayekimaliza, tena nusu yake huwa ni keki moja iliyopigwa kutoka pande zote.

Picha zishikwe kwa kona za karatasi. Kata ukanda wa sentimita 2 kwa 4, kunja ncha zote mbili zikutane katikati chini, upate pembetatu yenye mfuko. Vika kona nne za picha, kisha gundi iende kwenye mgongo wa kona, isiguse picha. Picha ikihitaji kutoka, inatoka. Selotepu usiipe nafasi hata kwa muda: huacha doa la kahawia na baada ya miaka michache inabanduka yenyewe. Gundi ya uji wa ngano nayo, ambayo wengi tuliipenda shuleni, ni mwaliko wa mende.

Jalada ndilo lenye raha. Tafuta kadibodi ngumu ya milimita 2. Kwa kila jalada kata kipande cha sentimita 3 kwa 22 na kingine cha 27 kwa 22, uviache na mwanya wa milimita 4 au 5 kati yake. Hapo ndipo jalada litakapojikunja. Kitambaa ni kanga ya mama mwenyewe, ile iliyochakaa ambayo haivaliki tena lakini hakuna aliyethubutu kuifanya tambara. Panga mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, uje mbele, na jina la kanga likae chini ya jalada lisomeke lote. Pima jina kabla ya kukata! Mara nyingi maandishi ni marefu kuliko jalada, na kanga iliyosema "Nani kama mama" ikabaki "kama ma" ni aibu ya milele. Likizidi, likate lote kama ukanda na ulibandike ndani ya jalada.

Kanga mpya ifue kwanza na kuipiga pasi, maana ina wanga na rangi ya ziada. Mgongoni iwekee ile gamu ya kubandikwa kwa pasi ambayo mafundi cherehani huweka kwenye kola, ili gundi isipenye na kutoa madoa upande wa juu. Kata kitambaa sentimita 35.5 kwa 27. Paka gundi nyeupe ya mbao kwenye kadibodi, siyo kwenye kitambaa, nyembamba na bila kuongeza maji. Kona zikate mshazari, ukiacha milimita 3 kutoka pembe ya kadibodi. Ukikata mpaka pembeni kabisa, kadibodi itachungulia. Ndani bandika karatasi ya A4 siku hiyohiyo. Haiwekwi kwa urembo tu: gundi ikikauka inavuta kadibodi upande mmoja, na ya ndani inaivuta irudi. Lilaze jalada chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Matundu manne, sentimita 1.5 kutoka ukingoni, kwenye alama za 3, 8, 13 na 18. Usihangaike na msumari. Beba kitabu chote kwa fundi seremala, akibane kati ya mbao mbili na kukitoboa kwa drili ya milimita 4. Baada ya hapo ni utepe au uzi mnene wa pamba, kama sentimita 120.

Picha ya mbao inashindikana kwa wengi kwa sababu ya mbao yenyewe. Mtu anachagua mninga kwa kuwa ni mzuri, halafu mama anatoka kama kivuli. Printa haina wino mweupe; kila palipo peupe kwenye picha, rangi ya mbao ndiyo inaonekana. Kwa hiyo chukua paini isiyo na vifundo, au plaiwudi nyeupe. Masalia utayapata kwa mafundi wa Keko. Piga msasa namba 120, kisha 220. Chapisha picha ikiwa imegeuzwa kushoto-kulia, kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80, kwa printa ya leza. Ya wino haifai hapa.

Paka gundi nyeupe ya mbao sawasawa, iwe nzito kiasi cha kufunika mbao isionekane, laza picha kifudifudi, kisha toa mapovu kwa kadi ya benki kuanzia katikati kwenda nje. Wengi hukosea kusubiri. Kwa hewa yetu, saa 24 ni chache. Ipe saa 48, kwenye feni. Kisha lowesha karatasi kwa sponji iliyokamuliwa na uisugue kwa kidole, duara ndogondogo. Maji mengi hulainisha gundi na picha itabanduka kwa magamba. Ikikauka utaona utando mweupe. Rudia mara mbili au tatu, halafu vanishi ya maji, mikono miwili, yaani matabaka mawili. Jipatie mbao ya majaribio kwanza. Ya kwanza huharibika, na ni afadhali isiwe ya mama.

Majina yaandikwe wakati kazi inaendelea, si baadaye. Nyuma ya picha ya asili tumia penseli laini ya 2B ukingoni, bila kukandamiza; kalamu ya wino hupenya na kuchimba mstari usoni. Picha nyingine za plastiki hazishiki penseli. Hizo ziweke kwenye bahasha ya karatasi na uandike bahasha kabla ya kuiweka picha ndani. Andika jina kamili, siyo "mama mdogo", kwa sababu mama mdogo wako ni bibi wa mtu mwingine. Andika mahali, mwaka au makisio, na nani kakuambia. Usiyemjua muweke alama ya kuuliza, utume nakala kwenye kundi la ukoo. Jibu litakuja, pamoja na ugomvi wa nani alikuwa amebebwa.

Za asili zikikauka ziweke kwenye bahasha za karatasi, bila klipu wala pini kwa kuwa hewa ya pwani inazitia kutu, ndani ya boksi lililo juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje na jiko. Naftalini isikae humo.

Kwa dada wa Tabata: wiki ya kwanza yote ni ya kubandua na kunakili, na ya pili ni ya kuchapisha nakala na kuzipanga. Jalada na mbao anza Jumatatu ya wiki ya tatu, maana gundi haijui tarehe ya sherehe. Zawadi usiifunge kwa nailoni ingali na unyevu wa gundi. Kama doti ya ile kanga bado ina kipande cha pili, kifunge kitabu humo.