Maswali Yenu: Katuni Zinazotisha

Mwanangu ana miaka mitano. Kila akitazama Courage the Cowardly Dog, usiku anaweweseka. Nimekaa naye nikaikagua: hakuna damu, hakuna anayechinjwa. Sasa kinachomtisha ni nini? (Mama wa watoto wawili, Tanga)

Damu si kipimo kizuri cha katuni, mama. Katuni hiyo ya John R. Dilworth, iliyorushwa na Cartoon Network kuanzia 1999 hadi 2002, haihitaji damu hata kidogo. Nyumba ya bibi Muriel, anayemfuga mbwa Courage, iko peke yake nyikani Kansas, hakuna jirani wa kukimbilia. Kuna kimya kirefu, kisha upepo, kisha sauti usiyojua inatoka wapi. Halafu kuna ufundi ambao wazazi wengi hawaugundui: viumbe wengine hawakuchorwa kama katuni iliyobaki. Mfalme Ramses, anayesimama nje usiku akidai bamba lake la jiwe lililoibwa, ametengenezwa kwa kompyuta huku mbwa na nyumba vikiwa vya kuchorwa bapa. Mwili wake na mwendo wake haviingiliani na chochote kilichomzunguka. Mtoto hawezi kulieleza hilo, lakini jicho lake limeliona.

Umri nao una neno. Utafiti wa Joanne Cantor wa Marekani kuhusu watoto na televisheni unaonyesha kwamba watoto wadogo, hadi miaka saba hivi, huogopa sura: meno, macho, mwili unaogeuka. Wakubwa zaidi huogopa yanayoweza kutokea kweli, kama wizi, moto au kufiwa. Ndiyo maana shujaa anayejigeuza dubwana ili aokoe watu humliza mtoto wa miaka minne, na kaka yake wa kumi anashangilia.

Kwa hiyo kumwambia "si kweli, ni katuni tu" hakumsaidii sana mwanao. Mfanyie vitendo: washa taa, mpe maji, mkumbatie, kesho yake mpe karatasi amchore huyo Ramses na kumvika kofia ya kuchekesha. Mkitazama tena, iwe mchana, na rimoti iwe mkononi mwake. Mfundishe kuzima sauti peke yake pale anapoona dubwana linakuja, kwa maana sauti ikiondoka, sehemu kubwa ya hofu huondoka nayo. Akilia, zima mara moja. Ila kama amekaza macho tu na hajalia, mwache afike mwisho. Kila kisa ni cha dakika kama 11, na karibu kila mara Courage humwokoa Muriel. Mtoto aliyeondolewa katikati analala na dubwana ambalo bado halijashindwa. Bibi zetu walilijua hili: ngano ya zimwi haikukatizwa kabla zimwi halijafa.

Nimefunga Netflix ya watoto kwa namba ya siri, lakini bado wanaona katuni za watu wazima. Nakosea wapi? (Baba, Nakuru)

Huenda umefunga mlango usiofaa. Namba ya siri ya tarakimu nne inatakiwa ikae kwenye wasifu (profile) wako wewe mtu mzima, si wa mtoto. Mtoto akikuta wake umefungwa na wako uko wazi, anaingia kwako. Fungua akaunti kwa kivinjari, chagua wasifu wa mtoto, ingia sehemu ya udhibiti wa wazazi, weka kiwango cha umri, halafu chini yake andika majina ya katuni unazotaka zisionekane kabisa. Kisha rudi kwenye wasifu wako na uufunge.

Alama za umri nazo zisome vizuri. Za Marekani, zilizoanza kutumika 1997, ni TV-Y kwa watoto wote, TV-Y7 kuanzia miaka saba, TV-G ya watu wote, TV-PG inayotaka mzazi awe karibu, TV-14 kuanzia miaka kumi na minne, na TV-MA ya watu wazima. Herufi FV kando ya Y7 maana yake kuna mapigano ya kubuni. Hakuna herufi ya "inatisha", na hapo ndipo wazazi wananaswa: Courage yenyewe ni Y7. Hapo Kenya, bodi ya kuainisha filamu, KFCB, hutumia GE (watu wote), PG, 16 na 18.

YouTube ni hatari kuliko hizo zote, kwa sababu mtu yeyote anaweza kupakia video yenye sura za wahusika wa watoto na ndani yake akatia ukatili. Tumia YouTube Kids, zima utafutaji, na uchague mwenyewe video na chaneli anazoruhusiwa kuziona.

Kwa nini Samurai Jack ya zamani iliruhusiwa kwa watoto na ile mpya ni ya watu wazima, wakati zote ni za mapanga? (Msomaji, Zanzibar)

Katika ile ya 2001 Jack alikata roboti, na kilichomwagika kilikuwa mafuta. Mwaka 2017 ilirudi kupitia Adult Swim, sehemu ya Cartoon Network ya watu wazima, na safari hii Jack anamuua binadamu na damu inaonekana.

Nasoma uhuishaji. Nimetengeneza filamu ya kutisha ya dakika mbili, lakini wenzangu wanacheka dubwana linapotokea. Nirekebishe nini? (Mwanafunzi, Arusha)

Bila shaka umelionyesha mapema, umelionyesha lote, na chini ya mwanga mwingi. Tazama walichofanya wachoraji wa Batman: The Animated Series mwaka 1992: mandhari waliyachora juu ya karatasi nyeusi. Hawakuongeza giza, walianza nalo, wakaongeza mwanga mahali palipohitajika tu. Kwenye programu yako fanya hivyo hivyo: tabaka la kwanza liwe jeusi, kisha toa dirisha, ukingo wa mlango, nusu ya uso. Katuni hiyohiyo, ilipofika kifo cha wazazi wa Robin (msaidizi wa Batman), wanasarakasi wa pembea, haikuonyesha miili. Ilionyesha kamba ya pembea ikirudi imekatika. Hakuna mchoro wa maiti ungeweza kuizidi kamba ile.

Katika Over the Garden Wall ya 2014, yenye vipindi 10, yule Mnyama ni kivuli chenye macho yanayong'aa karibu muda wote, na mwili wake unamulikwa kwa kufumba na kufumbua tu, mwishoni. Tena anaimba, kwa sauti nzito ya mwimbaji wa opera Samuel Ramey. Uzuri wa sauti yenyewe ndio unaosisimua mwili.

Sasa muda. Kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, shujaa wako mchore kwa michoro 12, kila mmoja ukae fremu mbili. Dubwana lipe mwendo tofauti: ama mchoro mpya kila fremu, liteleze mno, ama kila fremu nne, likatike. Kabla halijatokea, acha picha tuli kwa fremu 24 hadi 36. Ondoa muziki kabisa, kwa sababu muziki ndio unaowaambia wenzako wajiandae. Weka sauti ya kawaida ya mahali, chiriku au feni, kisha ikate nusu sekunde kabla.

Mwisho, ijaribu kwenye simu, mchana, mwangaza ukiwa nusu. Giza linalopendeza kwenye kompyuta hugeuka doa jeusi kwenye simu, na ukiibana faili, weusi unaofifia taratibu hukatika mabaka mabaka. Inua weusi kidogo na utie chembechembe nyepesi juu ya picha.

Ni kweli katuni ya Japani iliwahi kupeleka watoto hospitalini? (Dada, Bukoba)

Ni kweli. Tarehe 16 Desemba 1997 kipindi cha Pokémon kilikuwa na mwanga mwekundu na wa buluu uliopishana mara 12 hivi kwa sekunde. Watoto 685 walipelekwa hospitalini, baadhi wakiwa na degedege, na katuni ikasimamishwa kwa miezi minne. Baadaye Japani iliweka kikomo: mwako mwekundu usizidi mara tatu kwa sekunde. Wanafunzi wa uhuishaji walishike hili: kwa fremu 24, mwako mmoja na giza lake vichukue fremu 8 au zaidi.

Nyumbani, taa ya chumba iwake na mtoto akae mbali na kioo. Mwako ukianza, aliye na kifafa asifumbe macho tu, kwa kuwa mwekundu hupenya kope. Afunike jicho moja kwa kiganja na ageuke pembeni. Akianguka, sogeza vitu vigumu, mtikisiko ukiisha mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na ukipita dakika tano tafuta gari la hospitali.