Nahodha anakunywa pombe chomboni: je, niendelee kwenda naye kuvua?

SWALI:

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mimi ni mvuvi, ninafanya kazi katika chombo cha mtu pamoja na wenzangu watano. Nahodha wetu ni Muislamu, lakini kila tunapotoka usiku hubeba pombe. Anasema mafunda mawili matatu humwondolea baridi na usingizi, na kwamba yeye halewi. Wenzangu wawili hunywa pamoja naye. Mimi niliacha ulevi miaka kadhaa iliyopita, alhamdulillahi, ila riziki yangu imo humo chomboni. Je, ninapata dhambi kwa kuwa nao? Samaki tunaowavua na fungu ninalopewa ni halali? Na ikiwa chombo kitazama, aliyekufa maji akiwa amelewa naye huhesabiwa shahidi?

JIBU:

Wa alaykumussalaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake. Ndugu yetu, tunamshukuru Allah aliyekutoa katika ulevi, nasi tunamwomba akuthibitishe, kwani kukaa karibu na kitu ulichokiacha ni mtihani mzito kuliko kukiacha kwenyewe.

Hukumu ya pombe yenyewe haina haja ya maneno mengi. Allah Mtukufu ameitaja katika Suratul Maida, aya ya 90, pamoja na kamari, masanamu na mishale ya kupigia ramli, akaiita uchafu utokanao na kazi ya Shetani, kisha akaamrisha: jiepusheni nayo. Hakusema punguzeni. Na Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wasallam) amesema, kama alivyopokea Imam Muslim, kwamba kila chenye kulevya ni pombe na kila pombe ni haramu, na katika riwaya ya Abu Daud na Tirmidhi amesema kuwa kile ambacho kingi chake kinalevya, basi na kichache chake ni haramu. Kwa hiyo neno la nahodha wenu kwamba yeye “halewi” halimfai kitu, kwa sababu haramu haikufungamanishwa na kulewa kwake yeye, bali na kinywaji chenyewe.

Ninalotaka tulikalie kwa urefu ni ule udhuru wa baridi na kazi, kwa sababu si udhuru mpya. Abu Daud amepokea kwamba Daylam al-Himyari alimwendea Mtume akamwambia kuwa wao wanaishi katika nchi ya baridi, wanafanya humo kazi nzito, na hutengeneza kinywaji cha ngano kinachowapa nguvu ya kazi na kuwakinga na baridi ya nchi yao. Mtume hakumkanusha kuwa baridi ipo, wala hakusema kazi ni nyepesi. Alimuuliza jambo moja tu: je, kinalevya? Akajibu: ndiyo. Akamwambia: basi kiepukeni. Daylam akaeleza kwamba watu hawatakubali kukiacha, na Mtume hakulegeza hukumu kwa ajili ya mazoea yao. Tazama jinsi hali ya watu wale inavyofanana na ya nahodha wako: baridi ileile, kazi nzito ileile, hoja ileile. Jibu alilopewa Daylam ndilo jibu lake.

Na hata tukiiacha hadithi kando kwa muda, hoja ya baridi haisimami mbele ya wanaoujua mwili wa binadamu. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, damu yenye joto ikaja juu, na mnywaji akahisi amepata moto. Kumbe joto hilo ndilo linalomtoka na kupotelea hewani, huku ndani ya mwili anazidi kupoa. Akianguka majini katika hali hiyo hupoa upesi zaidi kuliko mwenzake asiyekunywa. Usingizi nao hauondoki. Unafunikwa kwa muda, kisha hurudi mkubwa zaidi pale pale ambapo macho yanahitajika. Nawe unajua kuliko mimi kwamba bahari peke yake humchosha mtu: mrama, upepo, muungurumo wa injini, mwanga wa jua juu ya maji. Pombe kidogo ambayo nchi kavu isingemtikisa mtu, chomboni humtosha kumfanya ateleze anaposimama ukingoni kujisaidia, au asiuone mguu wake umeingia katika kamba ya wavu unaoshuka. Na aliyetumbukia akiwa na kileo kichwani anaweza kuchanganyikiwa asijue uso wa maji uko upande gani.

Kuna wanaosema kwamba wao hunywa pwani usiku na kutoka alfajiri, wakidhani wameshatakasika. Mbali na kuwa haramu haibadiliki kwa kubadili saa, ini hufanya kazi yake polepole, na wala kahawa au kujimwagia maji baridi hakuliharakishi. Aliyekunywa kwa wingi hadi usiku wa manane huenda akashika usukani alfajiri pombe ingali ndani ya damu yake.

Hata sheria za wanadamu, ambazo hazikuikataza pombe kwa asili, zimeona hatari hii. Mkataba wa kimataifa kuhusu mafunzo na zamu za mabaharia, kwa marekebisho yaliyopitishwa Manila mwaka 2010, umeweka kikomo kisichozidi asilimia 0.05 ya pombe katika damu kwa manahodha na maofisa wa meli wanapokuwa katika kazi za usalama. Mkataba huo ni wa meli za biashara na hauhusu vyombo vya uvuvi, lakini nimeutaja ili ujue kwamba wasioamini uharamu wake nao wanaiogopa mikononi mwa mshika usukani. Sisi kikomo chetu ni kutoonja kabisa.

Sasa tuje kwenye swali lako khasa, nalo ni nafasi yako wewe usiyekunywa. Hapa Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wasallam) ametupa mfano ambao wavuvi wangepaswa kuuhifadhi kabla ya watu wengine wote. Katika hadithi ya Nu‘man bin Bashir aliyoipokea Imam Bukhari, amewafananisha wanaosimama katika mipaka ya Allah na wanaoivuka na watu waliopiga kura ya kugawana nafasi katika jahazi: wengine wakapata juu, wengine chini. Wa chini walipotaka maji walilazimika kupita kwa walio juu, basi wakasema: lau tungetoboa tundu katika sehemu yetu, tusiwaudhi walio juu yetu. Wakiachwa na walilolitaka, wote wataangamia. Na wakishikwa mikono, wataokoka wao na wataokoka wote.

Zingatia mambo mawili ambayo msomaji wa haraka huyapita. La kwanza, wale wa chini hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kuwapunguzia wenzao usumbufu. Nahodha wako naye hana nia ya kuwazamisha, anataka tu asisinzie, lakini nia njema haizibi tundu. La pili, walisema “katika sehemu yetu”, kana kwamba mbao za chini ni zao na haziwahusu walio juu. Hili ndilo neno utakaloambiwa ukimnasihi: mimi nanywa pombe yangu, wewe inakuhusu nini? Jibu ni kwamba nchi kavu huenda mtu akajificha na dhambi yake ndani ya nyumba yake, ila chomboni hakuna chumba cha pekee cha dhambi. Ubao ni mmoja, na aliyeshika usukani ameshika roho za watu sita. Hiyo ni amana, na wewe ni katika wenye amana hiyo.

Basi unapaswa kumkataza, na kukataza kuna adabu yake na wakati wake. Mnasihi akiwa mzima, mkiwa bado nchi kavu, mkiwa wawili, kwa maneno ya upole na heshima ya mkubwa wako wa kazi. Kama hakusikia, zungumza na wenzako wasiokunywa muwe kauli moja, kisha mumfikishie mwenye chombo, kwani mali ni yake na ana haki ya kujua inaendeshwaje. Huko si kusengenya. Wanazuoni wameruhusu kutaja aibu ya mtu kwa mwenye uwezo wa kuondoa madhara yake. Lakini nakutahadharisha usije ukamnyang’anya chupa katikati ya maji wala kugombana naye usiku ndani ya chombo kidogo. Ibnul Qayyim na wanazuoni wengine wamebainisha kwamba ovu haliondolewi kwa ovu kubwa kuliko hilo, na ugomvi wa walevi ndani ya mashua ni tundu la pili. Ikitokea amelewa mkiwa tayari mko mbali, kumshika mkono ni kumwambia kwa upole apumzike, mmoja wenu mwenye ujuzi achukue usukani, mvae maboya na mrudi.

Ama kuendelea na kazi, nitatofautisha hali mbili. Ikiwa wanaokunywa ni hao wawili tu na usukani uko katika mikono salama, unaweza kuendelea huku ukinasihi na kutafuta kwingine, kwa sharti kwamba usiwapakulie, usiwanunulie wala usiwabebee, kwani imepokewa kuwa Mtume alilaani watu kumi katika pombe, wakiwemo mbebaji, mwenye kubebewa na mnyweshaji. Imepokewa pia makatazo ya kukaa katika meza inayozungushiwa pombe. Chomboni huna pa kuondokea, basi jitenge kadiri unavyoweza, kaa omo (mbele) wakiwa tezi (nyuma), shughulika na nyavu, na uchukie moyoni; Allah amesema katika Suratut Taghabun tumche kiasi cha uwezo wetu.

Hali ya pili ni pale anayekunywa anapokuwa nahodha mwenyewe akiwa kazini, nawe umemnasihi akakataa, na mwenye chombo hakuchukua hatua. Hapo sioni kwamba unaruhusiwa kupanda. Allah amekataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizi. Na imepokewa na Imam Ahmad kwamba mwenye kulala juu ya paa lisilo na kizuizi, na mwenye kupanda bahari inapochafuka, dhima imemwondokea, yaani ametoka katika ahadi ya ulinzi wa Allah. Bahari shwari chini ya mkono wa mlevi haitofautiani sana na bahari iliyochafuka. Najua kwamba nakwambia uache fungu la kila siku, na mwenye watoto hawezi kulisikia neno hili kwa wepesi. Lakini mwenye kumcha Allah amepewa ahadi, katika Suratut Talaq, ya kutengenezewa njia na kuruzukiwa kwa namna asiyoitarajia, na chombo kina mwenyewe lakini bahari si ya nahodha mmoja.

Kuhusu samaki, ni halali bila shaka. Allah amehalalisha mavuo ya bahari katika Suratul Maida, aya ya 96, na Mtume amesema kuhusu bahari kwamba maji yake ni twahara na mfu wake ni halali. Samaki hahitaji kuchinjwa, kwa hiyo hali ya aliyemvua, awe mlevi au mzima, haimgusi. Fungu lako ni ujira wa kazi ya halali, nalo ni safi, madhali halitokani na kuuza au kubeba hiyo pombe.

Ama kufa shahidi, ni kweli kwamba aliyekufa maji ametajwa katika hadithi ya Bukhari na Muslim pamoja na mashahidi wengine, na huoshwa na kusaliwa kama maiti yeyote. Wanazuoni wametofautisha kati ya maasi yaliyosadifiana na kifo na maasi yaliyokuwa ndiyo sababu ya kifo. Abiria aliyekunywa, kisha chombo kikapigwa na dhoruba, dhambi yake ni moja na kuzama kwake ni jambo jingine, hivyo inatarajiwa apate fadhila hiyo pamoja na kubeba dhambi yake. Lakini aliyezama kwa sababu ulevi ulimwangusha au ulimfanya akivunje chombo, hali yake ni ya hatari, na wapo waliosema hana fadhila hiyo. Sisi hatumkatii mtu Pepo wala Moto. Tunamwombea msamaha kama Muislamu na tunamwachia Mola wake.

Lipo jambo hukuuliza, nami naona nahodha wako alisikie kutoka kwako. Ikiwa ulevi wake utasababisha kifo cha mwenzenu, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi kileo si udhuru: italazimu itolewe diya, yaani fidia ya damu, kwa warithi wa marehemu, naye atoe kafara ya kuua bila kukusudia iliyotajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 92, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Mkumbushe vilevile kuhusu sala, kwani nyinyi mnaotoka usiku sala ya alfajiri inawakuta majini, na Allah amekataza kuikaribia sala katika hali ya ulevi mpaka mtu ajue anachokisema. Asiiache kwa kisingizio hicho akaongeza dhambi juu ya dhambi. Akizindukana na ailipe, na mlango wa toba uko wazi kwake kama ulivyokuwa wazi kwako.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.